Kijana Wetu Katika Nyumba ya Watu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Tumeletewa suali katika darsa na mzee mmoja wa hapa petu Mukuru kwa Reuben, na kwa kuwa suali hilo si lake peke yake, tumeona yatupasa tulijibu katika kurasa hizi, ili mwenye haja asome na mwenye hoja alete hoja yake. Mzee huyu ana binti aliyemaliza Kidato cha Nne, akajifunza Kijerumani mpaka akafaulu mtihani wa daraja ya kwanza, na sasa amepata watu wa nyumba moja huko Ujerumani walio tayari kumpokea kwa muda wa mwaka mmoja. Atakaa kwao, atakula mezani pao, atawaangalia watoto wao saa chache kwa siku, na saa zilizobaki atasoma lugha. Watu hao si Waislamu. Mzee alipowauliza jamaa msikitini, wa kwanza alimwambia kuwa ni haramu, na kwamba akiruhusu atakuwa amemtupa mwanawe kwa makafiri. Wa pili alimwambia asiulize mengi, kwani mlango wa riziki ukifunguka huingiwa, hauchunguzwi. Mzee akarudi nyumbani kwake na majibu mawili, na usingizi hana.

Sisi hatukubaliani na yeyote katika wawili hao. Wa kwanza ameharamisha bila ya kutaka kujua, na wa pili amehalalisha kwa njia hiyo hiyo.

Basi na tulieleze jambo lenyewe kwanza. Desturi hii hujulikana kwa jina la Kifaransa, au pair, na maana ya maneno hayo ni sawa kwa sawa: yaani kijana huyo si mtumishi wala si mpangaji, bali huingia nyumbani kama mmoja wa watu wa nyumba. Serikali ya Ujerumani imeiwekea kanuni. Kijana awe ametimiza miaka 18 na hajafikia 27 aombapo viza. Ajue Kijerumani cha mwanzo. Asifanyishwe kazi zaidi ya saa 6 kwa siku wala zaidi ya saa 30 kwa wiki. Apewe chumba chake mwenyewe. Apumzike siku moja na nusu kila wiki. Apewe Euro 280 kila mwezi za matumizi yake, na Euro 70 za kusaidia ada ya masomo ya lugha. Bima yake ya afya ilipwe na wenye nyumba. Na apewe nafasi ya kufanya ibada za dini yake. Hilo la mwisho limo katika kanuni zao wenyewe, wala si sisi tuliolitia. Kadhalika uko mpango wa Serikali ya Marekani uitwao YES, uliowekwa mwaka 2002, ambao huwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, na Kenya imo, wakakaa na familia za Kimarekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Kwa hivyo jambo hili si la binti mmoja wa Mukuru. Ni jambo lililokwisha kuingia katika umma, nasi hatuwezi kulifumbia macho na kudhani ya kuwa litapita.

Na wala isidhaniwe kwamba vijana wetu hutamani safari hizi kwa anasa. Mtihani wa Kidato cha Nne humalizika Novemba, majibu hutoka Januari, na vyuo vikuu huwapokea wanafunzi wapya kiasi cha Agosti au Septemba. Kwa watoto wa mitaa yenye neema, miezi hiyo ni mapumziko. Kwetu sisi, mvulana husimama alfajiri mlangoni mwa viwanda vilivyo jirani nasi, akingoja kidole cha msimamizi kimchague kwa kibarua cha siku. Na msichana hubaki katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, penye pazia moja baina ya kitanda cha wazazi na cha watoto, akisikiliza majirani kwa sababu hana budi kuwasikiliza. Mwenye kuharamisha na aseme pia amewaandalia nini hao aliowafungia njia.

Sasa tuingie katika dalili. Wanaoharamisha hushika mambo mawili: kukaa baina ya wasiokuwa Waislamu, na safari ya mwanamke bila ya maharimu.

Ama kukaa baina yao, tunastaajabu jinsi wenzetu walivyoisahau Kurani wanayoisoma kila alfajiri. Nabii Yusuf aliingizwa katika nyumba ya watu wasiomjua Mungu wake, naye ni kijana asiye na baba wala mji. Sura inayoitwa kwa jina lake yatusimulia kwamba mwenye nyumba alimuusia mkewe aheshimu makazi ya kijana huyo. Kisha ukaja mtihani unaojulikana, milango ikafungwa, na kijana akakataa. Natutazame alikataa kwa maneno gani: alijilinda kwa Mwenyezi Mungu, kisha akataja wema wa makazi aliyopewa, na wafasiri wengi wamesema kwamba hapo alimkusudia yule mwenyeji wake. Nyumba ile haikuwa na msikiti wala muadhini, na kilichomlinda ni kile alichokuwa nacho alipoingia.

Na Nabii Musa alifika Madiani akiwa mkimbizi, hana kitu, akapokewa na mzee mmoja mwema. Kabla ya kukaa yalifanywa mapatano, nayo yameelezwa wazi katika Suratul Kasas: miaka minane ya kazi, na akipenda kutimiza kumi ni hiari yake, na mzee akaahidi hatamtia katika mashaka. Muda umetajwa, kazi imetajwa, na ahadi ya kutodhulumiwa imetajwa, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi wa hayo. Tunaomba wazazi wayasome mapatano hayo kwa makini, maana tutayarudia hapa chini.

Kisha wako Sahaba waliohamia Habasha kiasi cha mwaka 615, kwa ruhusa ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, wakaenda kukaa katika himaya ya mfalme Mkristo kwa kuwa katika nchi yake hakudhulumiwa mtu. Jaafar bin Abi Talib alikaa huko mpaka mwaka wa saba wa Hijra. Wala hatutaficha upande wa pili wa khabari. Wanasira wamepokea kwamba mmoja katika waliohama, Ubaidullahi bin Jahshi, aliiacha dini yake hukohuko, na mkewe Ramla akabaki imara, mpaka akaja kuwa Mama wa Waumini, Ummu Habiba. Walikuwa katika nchi moja na nyumba moja. Mwenye kusema kwamba ugeni humharibu kila mtu atueleze habari ya Ramla, na mwenye kusema kwamba ugeni haumdhuru mtu atueleze habari ya mumewe.

Ama safari ya mwanamke bila ya maharimu, hadithi zake ni sahihi, na hatumruhusu mtu kuzifanyia mzaha. Lakini wanavyuoni wamekhitilafiana katika sababu ya makatazo hayo. Wako waliosema kwamba ni amri isiyo na sharti. Na wako walioangalia khofu ya njiani, kama wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walivyomruhusu mwanamke kuhiji Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, na baadhi ya waliokuja nyuma wakapanua ruhusa hiyo pale njia inapokuwa na amani. Mzazi atakayeshika kauli ya kwanza asiitwe mtu wa kale. Ameshika dini yake kwa tahadhari. Na atakayeshika ya pili asiitwe fasiki, lakini ni juu yake aithibitishe hiyo amani, tangu uwanja wa ndege mpaka kizingiti cha mlango, wala asiidhanie tu.

Lipo jambo moja linalotutia uchungu, nasi tutalisema. Kwa miaka mingi mabinti wa Mukuru wamekuwa wakienda Saudia na nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Nao pia hukaa katika nyumba za watu, si kwa mwaka mmoja bali aghlabu kwa miwili. Nao pia husafiri bila ya maharimu. Wengi wao hawakuwa na saa za kazi wala siku ya mapumziko. Wako walionyang'anywa pasipoti na waajiri walipofika, na mfumo wa kafala ukawafunga kwa mtu mmoja, kama kwamba wamekuwa sehemu ya mali yake. Serikali yetu ilizizuia safari hizo mwaka 2014 kwa sababu ya mashaka yaliyowapata, kisha ikazifungua tena mwaka 2017, na tangu hapo tumepokea walio hai na tumepokea pia masanduku. Je, ni nani msikitini aliyesimama akauliza khabari za maharimu? Ni nani aliyeuliza binti atalala chumba gani, na nani mwengine ana ufunguo wake? Hapana. Tuliona yatosha kwamba huko husikika adhana.

Hatusemi kwamba nyumba zote za huko ni za dhuluma. Wako mabinti waliokaa na watu wamchao Mungu, wakapelekwa Umra, wakarudi na heshima zao na haki zao. Tunalolisema ni hili: hukumu iliyo kali kwa Berlin na laini kwa Riyadh si hukumu ya sharia, ni mapendeleo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisai tusimamie uadilifu, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Dhuluma haigeuki kuwa halali kwa sababu aliyeifanya hutawadha, na wema hauwi haramu kwa sababu aliyeutenda hajui kibla.

Wala kumweka mgeni nyumbani si jambo geni kwetu watu wa pwani na bara. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta ya kwamba jahazi ikitia nanga, vijana wa mji huiendea kwa vidau, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kusema kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hashuki ila kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye amsimamiaye katika kuuza na kununua, hata ikawa atakayenunua kwa mgeni huyo kwa bei ya kumpunja, biashara yake hurudishwa. Huo ndio uenyeji: kumlisha mgeni, na zaidi ya kumlisha, kumkinga asipunjwe katika mji asioujua. Mzazi anayempeleka mwanawe ugenini na atafute mwenyeji wa namna hiyo, na akimpata, hata akiwa Mjerumani, basi amshukuru.

Wazee wetu pia walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hatuoni ubaya binti akipewa jembe. Tunataka ukubwa wa jembe hilo ujulikane kabla hajapanda ndege. Basi mzee wetu na audai mkataba ulioandikwa, asomewe kwa lugha anayoielewa, neno kwa neno: saa za kazi, chumba, siku za mapumziko, fedha, bima, na nani atamlipia tikiti ya kurudi pakitokea kutoelewana. Azungumze na wenye nyumba kwa simu ya kuonana nyuso, baba na mama wote wawili, wala si binti peke yake usiku chini ya blanketi. Awaambie waziwazi kwamba mwanawe husali mara tano, hali nguruwe, hanywi wala hamimini pombe, hufunga Ramadhani, na hujifunika. Wakikubali, wamefunga ahadi. Wakisitasita, ni bora kujua hilo akiwa angali Mukuru.

Na ajihadhari na madalali. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mapatano ya wafanyakazi mwezi wa Septemba 2024, wamezuka watu wanaotembea mlango kwa mlango wakiuza ahadi. Mapatano yale yalihusu kazi na ufundi, si mwaka huu wa kukaa na familia, lakini dalali hachagui, kwake Ujerumani ni Ujerumani. Wako wazazi waliouza kiwanja cha urithi kijijini, na wako waliochukua fedha za chama cha kina mama, wakampa mtu ambaye simu yake sasa haipokewi. Mwenye shaka na wakala yeyote aendaye kwa jina la kazi za nje aende Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, akaulize kama wakala huyo ameandikishwa. Kuuliza hakumvunjii mtu tawakuli.

Baada ya hayo, binti amefika. Ataishije? Hapa kuna methali nyingine, nayo hatuikubali: ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hiyo imewapoteza wengi. Muislamu akenda kwa wenye chongo huwatendea wema, huwasaidia kuvuka njia, na macho yake hubaki mawili.

Kusali kwake kutakuwa na uzito ambao sisi wa Nairobi hatuujui, maana magharibi yetu haisogei sana mwaka mzima. Huko Berlin mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu za usiku, na mwezi wa Disemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, hata adhuhuri na alasiri zikakaribiana sana na saa za kuwachukua watoto shuleni. Ajipangie nyakati zake pamoja na mama wa nyumba tangu wiki ya kwanza. Watu wa kule huheshimu kilichopangwa, na hukasirishwa na kilichozushwa.

Chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa katika Suratul Maida, na wanavyuoni wana maneno marefu juu ya nyama za viwandani za siku hizi. Mwenye kuona shaka ale samaki, mayai na mboga, wala asiwahubirie wenyeji kila wakati wa chakula. Mbwa nao, katika nyumba nyingi za huko, hulala sebuleni. Sisi Mashafii twaosha mara saba, moja kwa udongo, alipotia mate. Imamu Malik ameona mbwa ni tahiri. Binti na aweke mswala wake na nguo zake za sala chumbani mwake, afunge mlango, na asimtie mbwa wa watu katika ugomvi wa madhehebu.

Lililo zito zaidi ni faragha. Asikae peke yake na mwanamume wa nyumba mlango ukiwa umefungwa, iwe kwa mazungumzo, au kwa somo la lugha, au kwa kingine. Mtume (s.a.w.) amelikataza hilo wala hakuwavua wakarimu. Akiona lisilompendeza, ana haki ya kuondoka, na mzee wetu amwambie hivyo kwa kinywa chake kabla ya safari: kwamba akirudi baada ya mwezi mmoja hatapokewa kwa lawama wala kwa kuulizwa fedha zilizopotea. Mabinti wangapi wamevumilia yasiyovumilika kwa kuogopa uso wa baba yao uwanjani?

Inabaki sehemu ya wazazi, nayo ndiyo tunayoikhofia kuliko nyumba ya Mjerumani. Katika mtaa wetu mtoto husoma chuoni mpaka miaka kumi na miwili, akahitimu Juzuu Amma, akasherehekewa kwa pilau, kisha hatumwoni tena. Anajua kusali, lakini hajui ajibu nini akiulizwa na mtoto wa miaka sita kwa nini anasali. Na huko ataulizwa, kila siku, na watu wasiokuwa na nia mbaya. Binti huyu ana miezi mitatu kabla ya safari, na darsa la wanawake lipo kila Jumamosi baada ya alasiri. Na aje, asome sira, asome fikihi ya tohara na ya safari, aulize maswali yanayomwonea haya.

Kisha wazazi wamwachilie. Euro 280 ni fedha za matumizi ya kijana mmoja katika nchi ya ghali. Si mshahara, wala si mtaji wa ukoo. Tumeona jinsi mtu anavyofika ugenini Jumatatu, na Ijumaa akaandikiwa orodha: karo ya mdogo wake, kodi ya chumba, harusi ya binamu, bati za nyumba ya bibi. Kijana mwenye huruma ataanza kutafuta kazi ya siri usiku ili aikidhi orodha hiyo, na kazi hiyo sheria ya viza yake haimruhusu. Hapo sisi ndio tutakaokuwa tumemsukuma avunje ahadi yake, ilhali Suratul Maida hiyohiyo tunayoitafutia halali ya nyama imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mapatano. Kadhalika muda ukiisha. Akitaka kubaki kwa masomo au ufundi, aombe kwa mlango wake na kwa jina lake. Lakini kutoweka usiku, na kuwaacha watu waliomfungulia nyumba wakihojiwa na polisi, ni khiyana, na kafiri kwa kukhiniwa hapungukiwi na haki yake.

Mzee wetu ameuliza pia kama inafaa binti abebe zawadi kuwapelekea wenyeji wake, au kama hilo ni kujipendekeza kwa wasiokuwa Waislamu. Suratul Mumtahina imeeleza kwamba Mungu hatukatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Abebe kikapu cha Kikamba na kahawa nzuri ya Kenya, na watoto wale awaletee mkebe wa kashata.

Wallahu aalam.